Neno "Hakuna"

Kosa la kalamu lina kifutio, na kosa la mkono lina fidia; lakini kosa la ulimi halina hiki wala hiki. Neno likisha kutoka kinywani huwa mali ya aliyelisikia. Hulichukua akaenda nalo kwake, akalijengea nyumba, akalala ndani yake kwa amani, na msemaji hana haki tena ya kulidai. Nimesomesha Kiswahili kwa miaka 31, na katika muda huo nimesahihisha makosa ya watoto wa watu kwa wino mwekundu pasipo huruma nyingi. Kosa ninalotaka kulieleza hapa ni langu mwenyewe. Lilikuwa kosa la neno moja, tena neno ambalo mtoto huliweza kabla hajamaliza kuota meno. Nililitamka barazani, Tanga, mwezi wa Juni mwaka 2022, mbele ya mjomba wangu, nikiwa na karatasi ya kipimo cha damu yake mkononi.

Mjomba ni kitinda mimba wa nyumba aliyozaliwa marehemu mama yangu. Alikuwa karani wa bandari tangu ujana wake hata alipostaafu. Zamani zile meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na marobota ya katani yalipelekwa kwa matishari. Kazi ya Mjomba ilikuwa kusimama gatini na daftari, akiandika kila robota lililopita mbele ya macho yake. Kazi ikidumu humfinyanga mtu. Mjomba alifinyangwa na kazi yake akawa mtu asiyekubali hesabu asiyoiona, wala asiyesema jambo pasipo kutaja alisimama wapi alipoliona. Jirani akimwambia kuwa leo samaki wamejaa sokoni, yeye humwuliza, "Uliingia ndani au ulipita nje?" Watu walimcheka kwa tabia hiyo, na mimi nalikuwa mmoja wa wachekaji.

Mwishoni mwa mwaka 2021 sikio lake la kushoto liliziba. Alidhani ni nta, akatia mafuta ya nazi. Kisha ukatokea uvimbe chini ya sikio lile, mgumu, usiouma. Na kwa kuwa haukuuma haukuogopwa. Hatimaye akaona damu kidogo katika makamasi ya asubuhi. Madaktari walikata kinyama kidogo nyuma ya pua, mahali ambapo njia ya pua hukutana na koo kwa juu, wakatuambia kuwa ni saratani. Mahali hapo ni pa siri. Mtu hawezi kupaona kwa kioo wala kupapapasa kwa kidole, na ugonjwa ukianza humo hukaa kimya kirefu kabla haujajitambulisha kwa sikio au kwa shingo. Ndugu walichanga, shamba moja likauzwa, nasi tukasafiri kwenda Mumbai, India, kama wafanyavyo wengi wa pande zetu. Mimi nilifuatana naye kuwa mkalimani, maana Kiingereza cha Mjomba kilikuwa cha meli na shehena, si cha maradhi.

Daktari aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alitueleza kwamba saratani ya mahali pale mara nyingi hubeba ndani ya seli zake kirusi kiitwacho Epstein-Barr, na kwamba kirusi hicho kingekuwa shahidi wetu. Mjomba aliuliza alikipata wapi. Daktari akajibu kuwa kati ya watu wazima 100 duniani, zaidi ya 90 wanacho. Wengi hukipata utotoni kwa njia ya mate, na karibu wote huishi nacho hata kufa kwao pasipo kudhurika. Kisha akatuambia jambo lililonifanya niache kutafsiri kwa kitambo, nisikilize kwa ajili yangu mwenyewe: kwamba habari za kirusi hicho zilianzia kwetu, Afrika Mashariki.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Machi 1961 alitoa hotuba London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Epstein aliomba vipande vya uvimbe huo vipelekwe kwake kwa ndege, na mwaka 1964 yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuwa wameona ndani yake kirusi kipya. Mwaka 1970 ilionyeshwa kuwa vinasaba vya kirusi hicho vimo pia katika saratani ya nyuma ya pua. Nilipomaliza kumfasiria haya, Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi vipande vya watoto wa Uganda vilisafiri kwenda Ulaya kabla yangu, ili mimi nipimwe leo." Sikumfasiria daktari maneno hayo. Nilihisi kuwa hayakuwa yake.

Sasa nieleze kipimo chenyewe, kwa kuwa kosa langu halitafahamika pasipo maelezo haya. Karibu kila seli ya mwili ina vinasaba, navyo ni kama kitabu cha maagizo ya uhai wake. Seli ikifa kitabu hicho huchanika, na baadhi ya vipande huingia katika damu. Wafaransa wawili, Mandel na Métais, waliona vinasaba vikielea katika maji ya damu ya binadamu mwaka 1948, lakini kwa miaka mingi ugunduzi wao haukushughulikiwa. Mwaka 1977 ilionekana Marekani kuwa wagonjwa wengi wa saratani wana vipande vingi kuliko watu wazima wa afya. Mwaka 1999 Dennis Lo na wenziwe wa Hong Kong walitafuta vipande vya kirusi cha Epstein-Barr katika damu ya wagonjwa 57 wa saratani ya nyuma ya pua, wakaviona kwa 55 kati yao. Na katika watu 43 wasiokuwa na ugonjwa huo waliviona kwa 3 tu. Hong Kong na kusini ya China ndiko saratani hii ilikojaa zaidi, kwa hiyo si ajabu kuwa elimu yake ilikomaa huko.

Utaratibu wake ni huu. Damu hutolewa mkononi, ikazungushwa kwa mashine hata chembe nyekundu na nyeupe zikatua chini, na juu yakabaki maji ya rangi ya manjano. Hayo ndiyo yatakiwayo. Kazi hiyo lazima ifanyike kwa saa chache, chembe nyeupe zisije zikapasuka na kumwaga vinasaba vyake katika maji. Kisha hutafutwa kipande cha kirusi, na kikipatikana hurudufiwa mara nyingi sana hata kiweze kuhesabika. Jibu huandikwa kwa idadi ya nakala katika kila mililita moja. Tena vipande hivyo havikai. Wagonjwa waliopasuliwa Hong Kong walipimwa mara kwa mara, ikaonekana kuwa nusu ya vipande hutoweka katika damu kwa kadiri ya dakika 139. Kwa hiyo kipande kionekanacho leo si masazo ya mwaka jana. Ni habari ya leo.

Mjomba alisikiliza yote haya akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Mwambie daktari nimefahamu. Damu ni gati, na yeye ni karani ahesabuye yapitayo." Nilifasiri. Daktari alicheka kwa furaha, akasema kuwa amesomesha wanafunzi kwa miaka mingi pasipo kupata mfano mzuri kama huo. Laiti mimi nami ningeuweka mfano ule moyoni, nisingekuwa na insha ya kuandika leo.

Kipimo cha kwanza cha Mjomba kilitoa nakala 3,180. Alitibiwa kwa mionzi mara 35, siku tano za kila juma kwa majuma saba, pamoja na dawa za mishipa. Sitaeleza mateso yake kwa urefu. Aliyeyaona anayajua, na asiyeyaona maneno hayatamwonyesha. Itoshe kusema kuwa mate yalimkauka, chakula kikapoteza ladha, na mtu aliyekuwa akila wali wa nazi kwa samaki akawa mtu wa uji wa kijiko. Tulirudi nyumbani mwezi wa Aprili. Daktari alituagiza mambo mawili, akayarudia ili nisiyasahau: kwamba damu ipimwe kila baada ya miezi mitatu, na kwamba kila mara ipimwapo damu, Mjomba atazamwe pia nyuma ya pua kwa mrija wenye kamera. Alisema vitu hivyo ni macho mawili ya uso mmoja.

Mwezi wa Juni tulikwenda Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 350 hivi. Mrija haukuonyesha kitu. Damu ikatolewa, maji yake yakatengwa, yakagandishwa, yakapelekwa maabara ile ile ya Mumbai, kwa sababu maabara mbili huweza kutoa hesabu mbili kwa damu moja. Majuma mawili baadaye jibu lilikuja katika simu yangu, nami nililichapa katika karatasi ili liwe na heshima ya barua. Mjomba alikuwa ameketi barazani. Shangazi, mkewe, alisimama mlangoni na ushanga mkononi. Watoto waliambiwa wanyamaze. Karatasi ilisema maneno machache: vinasaba vya kirusi havikuonekana.

Kiswahili, msomaji, si maskini katika jambo hili. Kina hapana, kina hamna, kina hakuna. Hapana hukana mahali dhahiri panaponyoshewa kidole. Hamna hukana ndani ya kitu. Hakuna hukana kotekote, pasipo mpaka wala ukuta. Nimelisomesha somo hili kwa miaka 31, na wanafunzi waliochanganya maneno hayo nimewakata alama. Ningeweza kusema, "Havikuonekana." Ningeweza hata kusema, "Hamna," kwa maana ya ndani ya ile chupa ya damu, na kosa langu lingekuwa dogo. Niliutazama uso wa mzee yule uliokonda, nikaitazama midomo yake iliyopasuka, nikamtazama Shangazi mlangoni, nikachagua neno pana kuliko yote. Nilisema, "Mjomba, hakuna."

Shangazi alipiga kigelegele. Ijumaa iliyofuata alichinjwa mbuzi, ikasomwa dua, na majirani wakaja kumpa mkono mtu aliyerudi kutoka mlango wa kaburi. Mimi nilikula nyama ile, nikapongezwa kwa ukalimani wangu. Ilipofika Septemba nilimkumbusha Mjomba safari ya Dar es Salaam. Alinijibu, "Kutafuta nini, na wewe ulisema hakuna?" Fedha zilikuwa chache, njia ndefu, na mrija ule humtia kichefuchefu. Sikumshurutisha. Desemba nilimkumbusha kwa sauti ndogo zaidi, na Machi sikumkumbusha kabisa. Neno langu lilikuwa limekwisha kuwa nyumba yake, nami niliona haya kuibomoa.

Nilikuja kujifunza kwa kuchelewa yale impasayo mkalimani kujifunza mapema. Mwaka 2017 watafiti wa Hong Kong walitoa habari za wanaume 20,174 wa umri wa miaka 40 hadi 62, wasiokuwa na dalili yoyote ya ugonjwa, waliopimwa damu kwa kipimo hiki. Vinasaba vya kirusi vilionekana kwa 1,112. Walipopimwa tena baada ya majuma manne hivi, waliobaki navyo walikuwa 309. Uchunguzi wa mrija na wa picha ulipofanywa, waliokutwa na saratani walikuwa 34. Katika hao 34, wengi walikuwa katika daraja la kwanza au la pili, yaani 71 kwa kila 100, ambapo zamani waliokuwa wakigunduliwa mapema hivyo walikuwa 20 kwa kila 100. Hii ni neema kubwa, na asiyeikiri hana shukurani. Lakini itazame vema hesabu hiyo. Kuonekana kwa vinasaba hakukuwa saratani kwa wengi wa wale 309. Na katika kundi kubwa la wale ambao kipimo hakikuona kitu kwao, mtu mmoja aliugua kabla ya miezi 32 kupita. Basi "vimeonekana" si "ipo", na "havikuonekana" si "haipo". Tofauti hiyo ni nyembamba kama uzi, lakini maisha ya mtu huweza kuning'inia katika uzi.

Nilijifunza pia kuwa kivimbe kidogo kinachorudi pale pale palipochomwa na mionzi huweza kukosa kumwaga vipande vya kutosha kuonekana katika damu, hali ugonjwa uliokwisha safiri hata mifupa au ini mara nyingi hujifichua. Gati huhesabu shehena inayotoka. Kilicholala ghalani hakihesabiwi gatini. Hii ndiyo sababu daktari alitaka macho mawili, nami nilimvua Mjomba jicho moja kwa neno langu.

Na hata kuonekana kwenyewe si dawa. Mwaka 2018 zilichapishwa habari za wagonjwa 104 wa Hong Kong ambao damu yao bado ilionyesha vinasaba vya kirusi baada ya mionzi. Baadhi yao walipewa dawa zaidi, wengine wakaangaliwa tu. Ilitumainiwa kuwa waliopewa dawa hizo wangepona zaidi, haikuwa hivyo. Kujua kuwa moto haujazimika si sawa na kuwa na maji. Nayasema haya si kwa kukidharau kipimo, bali kwa kukiheshimu. Maana kitu hudharauliwa kwa kusifiwa kupita kadiri yake, kama kinavyodharauliwa kwa kutukanwa.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 Shangazi aliona doa la damu katika kitambaa cha Mjomba, akaniita kwa siri. Safari hii sikumbembeleza mzee. Nilimpakia katika basi. Damu ilipelekwa Mumbai kama kwanza, na jibu lilikuwa lile lile: havikuonekana. Lakini mrija ulikuwa umekwisha ona. Palikuwa na kibaka chekundu, kidogo kama punje ya mtama, pembeni mwa mahali pa zamani, na kinyama kilichokatwa pale kilikuwa cha saratani. Ningalitegemea karatasi ya damu peke yake, ningalisema hakuna kwa mara ya pili.

Kwa kuwa kibaka kilikuwa kidogo, ilishauriwa kikatwe kwa vyombo vipitavyo puani. Usiku wa kuamkia safari ya kurudi India nilikwenda kwa Mjomba nikamkuta akipanga nguo. Nilimwamkia, nikaketi chini, nikamweleza kosa langu lote: karatasi ilisema nini, mimi nilisema nini, na kwamba miezi kumi na moja ilikuwa imepotea kati ya maneno hayo mawili. Nilimwambia kuwa nilimwuliza daktari kama kibaka kile kingeonekana Septemba au Desemba, naye akajibu kuwa hakuna mtu awezaye kujua. Jibu hilo lilikuwa zito kwangu kuliko lawama, maana mwenye kulaumiwa hujua kadiri ya deni lake.

Mjomba aliendelea kukunja kanzu yake hata akaimaliza. Kisha akasema, "Mwanangu, siku ile uliposema hakuna, mimi nilijua."

"Ulijua nini, Mjomba?"

"Nilijua umehesabu gatini ukatoa hesabu ya ghala. Nimekuwa karani muda wote ule. Utanidanganyaje kwa neno kama hilo? Mwingine yeyote ningemwuliza alisimama wapi alipoona. Wewe sikukuuliza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka kuhesabu." Alinitazama kwa jicho lake la ukarani, lakini bila ukali. "Ulinipa neno nililolitaka, nami nikalichukua. Tumelila sote na mbuzi wake. Usijitwike robota zima peke yako. Shika upande wako, nami nishike wangu. Ila tangu leo nisomee kilichoandikwa. Usinisomee ulichokitamani."

Nimeyafikiri maneno hayo mara nyingi. Sisi tunaokalia mlango kati ya elimu na watu wetu, walimu, wakalimani, waandishi na wauguzi, tuna mazoea ya kudhani kuwa upole ni kulilainisha neno. Tunaona mgonjwa hawezi kubeba "havikuonekana", kwa kuwa neno hilo lina mlango ulio wazi, na upepo hupita. Kwa huruma tunamfungia mlango kwa "hakuna". Lakini mlango ukifungwa hazuiliwi adui peke yake. Hata mlinzi hubaki nje. Upole wa kweli ungekuwa kuketi na mgonjwa katika upepo ule, kumweleza unatoka wapi, na kumsaidia kujifunika.

Tena jambo hili litazidi kutukabili, kwa maana vipimo vya namna hii vinaongezeka. Ipo saratani ya koo, ya mafindo na shina la ulimi, iletwayo na kirusi cha papiloma, nayo imekuwa nyingi katika Marekani na Ulaya. Mwaka 2020 walitangazwa huko Marekani wagonjwa 115 wa saratani hiyo waliopimwa damu mara kwa mara baada ya tiba. Kwa 87 kati yao vinasaba vya kirusi havikuonekana hata mara moja, na katika muda wa kuangaliwa hakuna aliyerudiwa na ugonjwa. Kwa 28 vilionekana, lakini waliothibitika kurudiwa walikuwa 15. Na wote hao 15 walikuwa miongoni mwa watu 16 ambao vilionekana kwao mara mbili mfululizo. Hapa tena hekima haikuwa katika kuona mara moja, bali katika kurudia kuona. Ama saratani za kinywa ziletwazo na tumbaku, pombe na tambuu, ambazo pwani yetu inazijua, nyingi hazina kirusi cha kuwa shahidi. Humo ni lazima kwanza kusoma makosa yaliyomo katika vinasaba vya uvimbe wa mtu yule mmoja, kisha kuyatafuta makosa hayo hayo katika damu yake. Ni kazi ngumu na ya gharama, kama kumtafuta mtu sokoni kwa kovu lake badala ya kwa jina lake. Vipimo vyote hivi vitakapoenea kwetu, karatasi zitakuja katika lugha za wengine, na mtu fulani barazani ataombwa azisome kwa Kiswahili. Nami namwombea mtu huyo awe na moyo wa mapenzi kama wangu, na ulimi mwangalifu kuliko wangu.

Mjomba alipasuliwa mwezi wa Julai mwaka 2023. Mpaka naandika maneno haya yu hai. Sikio la kushoto halisikii, na hanywi chai bila kuiacha ipoe. Lakini anatembea mpaka baharini jioni, na hubishana na wavuvi juu ya hesabu zao. Kila baada ya miezi mitatu tunapanda basi kwenda Dar es Salaam, na jibu likija huketi barazani pale pale, Shangazi husimama mlangoni pale pale, nami hufungua karatasi. Mbuzi hachinjwi tena, wala kigelegele hakipigwi. Yamebaki mazungumzo mafupi ambayo wajukuu wamekwisha yahifadhi, nao huyaigiza wakicheza.

"Imeandikwaje?" huuliza Mjomba.

"Havikuonekana."

"Katika nini?"

"Katika damu uliyotoa tarehe kumi na mbili."

"Na mrija?"

"Mrija ni Alhamisi, Mjomba."

"Basi," husema, akichukua bakora yake, "tungoje Alhamisi."